Matongo ya Kapita

Mbwa wa nyumba ya Mukendi, pale mtaa wa Dilala, aliitwa Kapita. Kama makapita wengi waliowahi kusimamia watu Kolwezi, alikula vizuri, alilala mchana, na kelele zake zilizidi kazi yake. Asubuhi ile ya Machi, mwaka wa tisini na tatu, aliamka na jicho la kushoto limefungwa na matongo. Si yale machozi ya majimaji ambayo vumbi la machimbo liliwagawia mbwa na watu bila ubaguzi. Haya yalikuwa mazito, ya njano inayoelekea kijani, yamegandia manyoya mpaka shavuni, na mbwa alilikuna jicho kwa mguu kama anayetaka kuling'oa.

"Mama Joyeuse!" Barnabé Mukendi alimwita mkewe kutoka barazani. "Kuya uone huyu mukubwa. Leta mayi ya chumvi."

Mbombo alikuwa ndani anafunga masufuria kwenye blanketi. Wiki nzima ilikuwa kufunga na kufungua. Redio ilikuwa imesema watu wa Kasai warudi kwao, na Mbombo, aliyezaliwa Kolwezi hapo hapo, kwao hakuwahi kupaona hata kwenye picha. Alitoka na sufuria mkononi.

"Bantu banachoma manyumba kule ng'ambo ya soko, na weye unaniita ju ya macho ya imbwa?"

"Jicho," Barnabé akamsahihisha. "Moja tu. Ingekuwa yote mbili ningesema ni ugonjwa, ao vumbi. Ikiwa moja, kuko kintu ndani."

Alijua anachosema. Miaka ishirini na miwili alikuwa muuguzi wa mbwa walinzi wa Kampuni ya machimbo, hadi Januari ilipobandikwa karatasi getini yenye majina ya wasiotakiwa tena. Jina lake lilikuwa la saba. Mbwa wote walibaki kazini. Kapita, aliyekwisha kustaafu kwa uzee, ndiye peke yake aliyeondoka naye.

Mbombo alichemsha maji, akayaacha yapoe, akatia chumvi kidogo mpaka yakawa na ladha ya machozi, yasizidi. Kazi hii aliijua kuliko kusuka nywele. Pamba huchovywa, huwekwa juu ya jicho na kutulizwa mpaka ganda lilainike lenyewe, ndipo unafuta kutoka pembe ya pua kwenda nje, mara moja. Pamba ile imekwisha kazi. Huirudishi kwenye maji, huipeleki kwenye jicho la pili. Inaingia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, na mkebe ukijaa unachomwa moto. Halafu sabuni, mikono mpaka kwenye viwiko. Barnabé alikuwa mkali kwa hilo. Mtu angeweza kumtukana mama yake akanyamaza, lakini pamba moja kwa macho mawili ilimpandisha presha.

Mado alikuwa anawatazama juu ya ua wa matete. Alikuwa mke wa Kabemba, fundi wa baiskeli, watu wa kaskazini ya Katanga. Nyumba hizi mbili zilikuwa zimeazimana kinu, chumvi na watoto miaka kumi na mmoja.

"Mama Joyeuse," Mado aliuliza, "ile matongo munachunga mu mukebe ni ya nini?"

Mbombo alifungua mdomo ajibu. Barnabé alimtangulia, maana huyo bwana hakuwahi kupishana na mzaha bila kuupa lifti.

"Ni ya kuona nayo usiku, Mama Mado! Ya imbwa ya Kampuni njo ya nguvu. Tunapaka kidogo tu, tunaona balozi, bachawi bote ba Dilala, banavyoruka."

Mado alicheka. Alicheka kwa meno tu. Macho yake yalibaki kwenye mkebe.

Mzaha huo, miezi sita nyuma, ungekuwa mzaha. Watu wa pande zote mbili za ule ua walikua wakisikia jambo lile lile kwa bibi zao: mbwa anaona vinavyotembea gizani, na mtu akichukua matongo ya mbwa akayapaka machoni mwake, ataona anayoyaona mbwa. Ataona wachawi, wezi, marehemu, kila kilichofichwa. Mwenye akili hathubutu kujaribu. Lakini msimu ule vijana wenye vitambaa vyekundu, waliokuwa wanawafukuza Wakasai, walikuwa na swali moja lililowanyima raha: kwa nini kila wakifika kwenye nyumba ya Mkasai kuiba, wanakuta redio na kitanda vimekwisha ondoka? Hakuna aliyewaambia kwamba walikuwa wanakuja wakiimba na kupiga ngoma, na kwamba hata kiziwi aliwasikia toka kilomita mbili.

"Nani amekuomba useme vile?" Mbombo alimwuliza mumewe walipoingia ndani.

"Ni Mado. Anatujua."

"Njo sababu naogopa."

*

Walikuja siku ya pili, saa nne asubuhi, jua likiwa limetulia juu kama lililolipa kiingilio. Walikuwa kama thelathini. Walikuwa wamekwisha kupita ng'ambo ya barabara, kwa Mwamba, mwalimu wa hesabu; Mwamba alikuwa amelala ndani ya mfereji, uso chini, na kijana mmoja alikuwa ameivaa miwani yake, anaijaribu, anaitoa, anaivaa tena.

Mbele alitembea Kabemba. Ule mpini wa sururu aliobeba, Barnabé aliujua. Alikuwa amemwazima mwenyewe, wakati wa kuchimba shimo la choo.

"Bilulu, mutoke!" waliimba. Wadudu, tokeni.

"Tata Kabemba," Barnabé alisema, amesimama mlangoni. "Karibu. Kama ni bintu, bichukue. Utuache na bilato ya miguu tu, ju ya safari."

"Bintu tutachukua, hauna kutufundisha. Leta mukebe."

"Mukebe gani?"

"Ile munaonea nayo."

Kijana mmoja aliingia ndani na kutoka na mkebe wa maziwa, ameubeba kwa mikono miwili kama padri. Barnabé alisahau kwamba anaogopa. Akawa muuguzi.

"Kabemba, pardon, usiguse ile. Ni usaha. Kuko microbe ndani. Ukiweka mu macho itavimba, utapofuka."

"Munasikia?" Kabemba aliwageukia wenzake. "Anakatala ju anajua nguvu yake."

Akaingiza vidole viwili. Akavua kipande cha pamba, akakikamua, akapaka jicho la kulia, akapaka la kushoto, kwa uangalifu wa bi harusi. Vijana wanne wakapanga foleni nyuma yake. Kisha Kabemba akafungua macho, yakimtoka machozi, akaangalia Dilala, mabati, nyaya, moshi wa ng'ambo ya soko, akisubiri.

"Unaona nini, chef?" mwenye miwani alimwuliza mkuu wake.

Na Barnabé akacheka.

Hakukusudia. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani. Mbombo, miaka yote iliyofuata, alikisikia kile kicheko kila alipochemsha maji.

Mpini ulimpata mdomoni. Meno mawili yalianguka kwenye saruji, madogo kuliko mtu anavyofikiria. Wa pili ulimpata gotini, na alipokuwa chini hawakuhesabu tena. Joyeuse, binti yao wa miaka kumi na minne, alimrukia mmoja mgongoni akamng'ata sikio, walimtupa ukutani. Mbombo alikimbilia kati, mnyororo wa baiskeli ukamkata mkono kutoka kwenye kiwiko hadi kiganja. Kapita, kwa mara ya kwanza tangu astaafu, alifanya kazi yake: alimshika mtu paja na hakuachia mpaka walipompiga na koleo.

"Musiue imbwa!" Kabemba alipiga kelele. "Imbwa iko na kazi!"

"Na huyu?"

"Huyu naye. Atatutengenezea ingine."

Walimfunga Barnabé mikono nyuma kwa tyubu ya baiskeli, mbwa wakamfunga kamba, wakawavuta wote wawili kupitia lile lile tundu la ua ambamo kinu kilikuwa kinapita. Petroli ilimwagwa mlangoni. Blanketi la masufuria liliondoka begani mwa mtu. Mbombo alimwinua Joyeuse, wakaenda upande wa stesheni na wengine, nyuma yao nyumba ikiungua kwa sauti ya mvua.

Walipofika ndipo alipogundua kwamba ndani ya sidiria yake kulikuwa na tyubu moja ya pomade, dawa ya kupaka machoni. Hakukumbuka kuichukua. Pasi, picha za harusi, cheti cha ubatizo, vyote viliungua. Ile ilikuwepo.

*

Stesheni ilikuwa mji mwingine. Watu walilala kwenye saruji, kwenye nyasi, chini ya madawati yaliyotolewa shuleni. Treni ya Kasai ilitajwa kila saa na haikuonekana. Siku ya tatu, jua la saa sita, Mado alitokea kati ya watu, kichwani beseni ya mihogo, anaangalia chini.

"Mama Joyeuse, jambo."

Joyeuse aliokota jiwe.

"Nimekuletea mihogo."

"Bwana yangu iko muzima?"

"Iko muzima." Mado alitua beseni. "Ni wangu njo hayuko muzima. Macho yake inafungwa, inatoa usaha usiku na muchana. Anasema Tata Mukendi amemuroga. Anasema ikifika Jumapili hajaona, atamukata kichwa, ulozi imalizike."

"Na weye unasema nini?"

"Mi nasema…" Mado alijifuta pua kwa kitenge. "Mi nakumbuka ulisafisha macho ya Stéphanie wangu alipozaliwa. Yalikuwa yanafungwa vile vile."

"Mado, ni weye ulimwambia ya mukebe?"

Mado aliipanga upya mihogo iliyokuwa imepangika. Mbombo alimtazama yule mwanamke ambaye alikuwa amejifungulia mikononi mwake. Kisha akasimama, akafunga kitenge vizuri, akamwachia Joyeuse mihogo.

"Tangulia. Ukitembea mbele yangu hawatanipiga."

Walimpiga mara mbili tu njiani, na mawe madogo.

*

Kabemba alikuwa ameketi nyuma ya nyumba kwenye kiti kilichong'olewa garini, taulo usoni. Vijana wanne walikaa ukutani wakipepesa macho mekundu, mashavu yamevimba, kama watu waliokesha kwenye msiba wa mtu tajiri. Kapita alikuwa amefungwa kwenye pampu iliyokufa, mbavu nje, jicho lake la kushoto sasa ni bonge tupu la njano. Siku tatu walikuwa wanalikamua.

Kabemba aliondoa taulo. Mbombo alijizuia asirudi nyuma. Kope zilikuwa zimevimba kama midomo, na usaha umekauka hadi kwenye ndevu.

"Ni weye? Ondoa ulozi ya bwana yako."

"Siwezi kuondoa kintu ambayo sikuweka. Mi nasafisha. Chemsheni mayi." Akaangalia uwanja. "Lakini tunaanza na imbwa."

"Unasema?"

"Imbwa kwanza. Ugonjwa ilitoka kwake. Nikikuponya weye na yeye iko vile, kesho inarudi kwako. Na weye, tata, umemushika na mikono, umejishika na mikono. Unaona mwenyewe." Akajisahihisha. "Pardon. Hauoni."

Kijana mmoja alicheka akaacha haraka.

Na hivyo ndivyo chef wa vijana wa Dilala, aliyechoma nyumba kumi na nne, alivyokaa kwenye kiti cha gari akisubiri zamu yake nyuma ya mbwa.

Mbombo alichovya pamba, akaituliza juu ya jicho la Kapita. Ganda lililainika. Alifuta mara moja, mara ya pili kwa pamba nyingine, ya tatu. Mbwa alipiga mayowe. Mbombo akanyanyuka.

"Siwezi. Kuko kintu ndani, mi sijui kutoa. Ni kazi ya Barnabé."

Alijua kutoa. Alikuwa amemwona akifanya mara mia. Lakini Kabemba hakujua kwamba anajua.

"Na dawa ulipakwa?" aliendelea kumwuliza, kama anayeuliza bei ya nyanya. "Mulitia nini?"

Mado alileta kichupa kidogo. Muuza dawa wa kando ya barabara alikuwa amewapa matone yaliyobaki ya mtu mwingine.

"Hii mi sijui kusoma. Ni Barnabé njo anasoma. Inaweza kuponya, inaweza kuua jicho. Munataka tubahatishe?"

Usaha ulishuka taratibu kwenye shavu la kulia la Kabemba.

"Mumulete," akasema.

Walimtoa Barnabé kwenye jiko la nje. Mbombo alimtambua kwa kaptula. Kichwa kilikuwa kimevimba upande mmoja, mdomo umekuwa jeraha, vidole vya mkono wa kushoto vimelala kila kimoja na njia yake. Alitembea kwa magoti. Alipomwona mkewe alijaribu kuficha mdomo.

"Mama Joyeuse. Mutoto?"

"Iko."

Basi. Hakuna aliyewaruhusu zaidi. Walimfungua mkono mmoja, ule wenye vidole vizima, wakampa kichupa. Alikisogeza karibu na jicho lake lililobaki wazi.

"Tupa," alisema, na damu ikamtoka na neno. "Hii ni ya kutuliza wekundu. Jicho ikiwa na kidonda juu ya kioo yake ya mbele, hii inalaza walinzi na kufungulia wezi. Ukiona jicho inafifia, inakuwa kama maziwa, usipake hii hata siku moja. Imbwa, muntu, ni vile vile."

"Nani amekuomba misa?" Kabemba alisema. Lakini kichupa kilitupwa.

Mado alimshika mbwa kichwa, Mbombo akamshika miguu. Barnabé aligeuza kope, akasogeza kile kiwambo cheupe ambacho mbwa anacho kwenye pembe ya jicho, na kwa ncha ya kitambaa kilicholowa akavuta. Ilitoka mbegu ya nyasi, kavu, yenye mkia, ndefu kama kucha ya mtoto mchanga.

Aliiweka kwenye kiganja cha Mado.

"Njo hii ulozi," akasema.

*

"Siku saba," Barnabé alisema siku ile. "Mara tatu kwa siku. Asipate hata moja ya kukosa. Ukiacha siku ya tatu ju unaona vizuri, inarudi na bandugu yake."

Mbombo alisikia hesabu ndani ya maneno hayo. Siku saba za pomade zilikuwa siku saba za kichwa cha Barnabé kukaa juu ya shingo.

Alikuja asubuhi, mchana na alasiri kabla jua halijazama, Mado mbele, yeye nyuma. Mbwa, kisha Kabemba, kisha vijana wanne. Pamba moja, jicho moja, moto. Uzi mwembamba wa pomade ndani ya kope ya chini, ncha ya tyubu isiguse nyama. Kila mara aliomba kitu kidogo kama anayeomba kiberiti. Siku ya kwanza, maji ya kunywa. Ya pili, tyubu ya baiskeli ilegezwe, mkono unakufa. Ya tatu, mkeka.

Siku hiyo ya tatu, jikoni alimokuwa Barnabé, mfungwa wa pili aliyefungiwa naye hakuwepo. Alikuwa Polycarpe, fundi wa nguo wa karibu na kanisa, na hakuwa na ujuzi wowote wa macho. Utepe wake wa kupimia ulikuwa umebaki sakafuni, upande mmoja umelowa.

"Polycarpe iko wapi?" Mbombo alimnong'oneza mumewe.

"Kabemba alisema wataongea naye."

Siku ya tano asubuhi, honi ya treni ililia. Mji mzima uliisikia. Mbombo alikuwa amemwinamia Kabemba, pamba mkononi. Kope zilikuwa zimelala, weupe wa jicho umerudi, hapakuwa na ganda hata kidogo.

"Unaona vidole ngapi?"

"Tatu. Acha vidole. Pale juu ya waya kuko ndege, mukia yake mweusi. Naona hata namna inajikuna." Alitabasamu, akafanana kidogo na yule fundi aliyekuwa anajaza upepo bure baiskeli ya Joyeuse.

Mbombo alipiga magoti. "Tata Kabemba. Treni imefika. Umeona mwenyewe. Muache Barnabé anifuate."

Kabemba aliinuka, akafunga kitambaa chake chekundu, akachukua mpini.

"Dokta alisema saba. Leo ni ya tano. Ikifika ya saba, tutaongea naye."

Akaondoka na vijana wake kwenda kazini. Kazi siku hiyo ilikuwa stesheni.

*

Uwanjani walibaki wanawake wawili, mbwa na mlango wa jiko wenye kufuli.

"Mado," Mbombo alisema. "Leta mayi. Utafanya weye, mi nikuangalie."

"Mi siwezi."

"Utaweza. Kapita, kaa."

Mado aliosha mikono. Alichovya, akatuliza, akahesabu kimoyomoyo, akafuta kutoka pembe ya pua. Alitaka kurudia kwa pamba ile ile. Mbombo alimpiga kofi kwenye mkono. Alichukua mpya.

"Ikitoa mayi tu, meupe?"

"Ni upepo, moshi. Unafuta, unangoja. Ikiwa njano, ya kijani, unapaka. Ikiwa moja tu, unatafuta kintu ndani. Imbwa akifunga jicho kwa nguvu, akikatala mwangaza, haungoji kesho." Akachomoa tyubu, imebinywa nusu, akaiweka kwenye mkono wa Mado. "Siku mbili zinabaki. Kwa bwana yako, kwa imbwa, kwa Stéphanie akiwa nayo. Sasa weye njo unajua. Hamuna tena kazi na sisi."

Mado aliitazama tyubu. Alitazama lile tundu la ua, na ng'ambo yake kuta nyeusi zisizo na bati.

"Ataniua."

"Ule? Atakupiga. Kuua, anaua sisi."

Mado alivuta ufunguo kutoka kwenye fundo la kitenge. Kufuli lilikuwa na kutu na halikutaka. Alilipiga kwa mchi, mchi wa kile kinu. Barnabé alitoka ameshika ukuta. Mado alijivua kitenge cha juu, akamfunga kiunoni, akamfunga kilemba chake hadi kwenye nyusi, akafunika mdomo uliovimba kwa kitambaa. Wanawake walikuwa wanapitishwa stesheni kwa mateke tu.

"Mukubwa wa imbwa ya Kampuni," Barnabé alisema ndani ya kilemba. "Angalia, nimekuwa mama."

"Nyamaza," Mbombo alisema. "Kufunga mdomo njo dawa yako weye."

Kapita aliinuka awafuate. Mado alimshika kamba. Mbombo hakugeuka, alisikia tu kucha zake zikikwaruza saruji.

*

Mbele ya mabehewa vijana walikuwa wamepanga mistari miwili, na kila anayepanda alipita katikati. Wanawake walinyang'anywa walichobeba. Wanaume walipigwa hatua kwa hatua, na wengine walivutwa pembeni, nyuma ya ghala, ambako sauti zao hazikudumu. Saruji ilikuwa inateleza. Joyeuse alimshika baba yake mkono wa kulia, Mbombo akambeba upande wa goti bovu, na watu watatu wakatembea kama mtu mmoja mlevi.

Mlangoni mwa behewa, mwisho wa mistari, alisimama Kabemba.

"Mama, wapi unakwenda na hii miguu?" alipiga kelele kijana mwenye miwani ya mwalimu. Alikuwa anaangalia chini, kwenye nyayo za Barnabé, namba arobaini na nne, zimepasuka. Akacheka. "Chef! Angalia hapa! Kuko mwanaume ndani ya hii kilemba ao hakuko?"

Kabemba aligeuka.

Aliangalia kwanza kitenge. Alikuwa amekinunua mwenyewe, Krismasi. Alipanda na macho hadi kwenye kilemba, akashuka hadi kwenye kitambaa cha mdomo, kilichokuwa kinalowa wekundu, akafika kwa Mbombo. Mbombo aliyatazama yale macho kama mtu anavyotazama nguo aliyoifua mwenyewe. Yalikuwa safi. Hapakuwa na uzi mwekundu hata mmoja. Mwanaume yule angeweza kuhesabu kope za mbuzi aliye upande wa pili wa reli.

Joyeuse alivuta kitenge kifunike nyayo za baba yake.

"Sioni," Kabemba alisema.

"Chef, karibia basi, mi naku—"

"Nimesema sioni. Macho haijapona bado." Akapisha hatua moja. "Dokta alisema siku saba."

Mbombo alimsukuma mumewe ndani ya behewa, akamsukuma mtoto, akapanda mwenyewe kwa magoti. Nyuma yao kwenye mstari alifuata mzee mmoja mwenye kofia, hana mbwa, hana kilemba, amebeba kiti chake kichwani.

Kabemba aliinua mpini. Huyo alimwona vizuri kabisa.